Nusu Saa ya Mkoa

Carlisle, saa sita kasoro robo usiku.
Mchezo wa zawadi umekwisha, filamu ya London imekwisha,
magodoro yametangazwa mara mbili.
Sasa zamu yetu: nusu saa ya mkoa.

Februari nilimrekodi Bi Hetty Routledge
akinionyesha kwa mkongojo mafuriko yalipokoma:
kidato cha sita cha ngazi,
chini kidogo ya picha ya harusi.
"Tutaonekana saa ngapi?"
Nikakohoa.

Makao makuu, karani anatia alama:
saa za mikoani, zimetimia.
Haba na haba, kibaba kimejaa gizani,
na sheria hupima ujazo tu,
haiulizi nani yu macho.

Asubuhi, simu yake:
"Nilisinzia, mwanangu.
Hebu nambie, nilisema nini?"