Wakati Mwingine

Fomu ina maswali ishirini, na kila swali vijumba vitatu:
ndiyo, hapana, wakati mwingine.
Swabra ameshika kalamu. Mimi nimeshika tochi,
maana stima imepotea Langoni kote tangu magharibi.

Je, mtoto hugeuka akiitwa jina lake?

Swabra anasimama nyuma ya mlango.
Anaita, Lali. Anaita kwa sauti ya chakula,
anaita kwa ukali, kisha kwa ile sauti
aliyokuwa akimwita nayo kabla hajazaliwa.
Lali amechutama mkekani. Anapanga vitufe
vya simu mbovu nilizozifungua dukani:
saba, saba, saba, nyota, saba.
Hageuki.
Swabra anarudi, anaketi. Kalamu haigusi karatasi.

Lakini punda wa Famau akianza kuja,
yu mbali bado, kwenye kona ya msikiti, hatujasikia kitu,
Lali huwa keshafika kizingitini, kiganja ukutani,
anazisikiliza kwato ndani ya matumbawe.
Na ni huyo tu. Punda wa mchanga, punda wa saruji,
wapite mia, hainui kichwa.
Swali la punda nimelitafuta kurasa zote mbili.
Halimo.

Je, huonyesha kwa kidole kitu akitakacho?
Hapana.
Je, huzungusha vitu kwa muda mrefu?
Ndiyo. Kisha Swabra ananiuliza,
muda mrefu ni kiasi gani?
Namwambia: kifuniko kile, jana,
tukimtazama sisi wawili mpaka wali ukaungua.

Mama hataki kusikia habari ya fomu.
Ameandika kombe kwa zafarani kwenye sahani ya kauri,
akaliosha kwa marashi, akamnywesha kijiko kijiko.
"Maneno yako ndiani," asema. "Yatakuya."
Nami nimekaa kama mtu aliyeahidiwa mzigo:
kila abiria ashukaye gatini
namtazama mikononi.

Shemeji yeye asema ni katuni. Ni tableti.
Tableti niliileta mimi, kioo kimepasuka,
nikaitengeneza usiku kucha nikijisifu.
Swabra hajanitajia hata siku moja.
Naye ana yake: homa ya mimba ya miezi mitano,
vidonge alivyomeza, ngazi iliyomtelezesha.
Tunalala mgongo kwa mgongo,
kila mmoja hakimu, kila mmoja mshtakiwa,
na anayezungumziwa amelala katikati
akivuma kama friji.

Muuguzi aliliandika juu ya faili, usonji,
akaweka alama ya kuuliza.
"Ni penseli," akasema. "Mnaona? Ni penseli tu."
Mimi nilidhani ni jina la nafaka.

Alhamisi tukavaa, tukaenda.
Lali na viatu vyake vya Idi, kimoja mkononi.
Daktari atokaye Mombasa kila miezi mitatu
hakuja.
"Basi, wakati mwingine," akasema muuguzi,
nami nikacheka, cheko lisilo na adabu,
benchi zima likanigeukia.
Isipokuwa mmoja.

Kuna swali tuliliruka, la kumi na saba:
Je, huutumia mkono wako kama kifaa?
Swabra alisema, andika hapana, linatuaibisha.
Nilisema, liache.

Tulipofika nyumbani mlango ulikuwa umekazwa.
Lali akanishika vidole viwili, bila kunitazama,
akaunyanyua mkono wangu, akauweka juu ya komeo,
kama nami niwekavyo bisibisi kwenye skrubu:
taratibu, mpaka ikae.
Akangoja.

Sikufungua upesi.
Kiganja chake kilikuwa na joto na mchanga.
Nyuma yetu Swabra alikuwa anapekua mkoba,
anatafuta kalamu.
"Ndiyo," nikamwambia. "Andika ndiyo."