Kijiko cha Sita

Umekatikia ndani.
Kichwa kimebaki vidoleni mwangu kama jino la mtoto,
mwili umelala humo swichini,
na Pijo ya baba, mia nne na nne, rangi ya maziwa mgando,
imesimama Majengo mbele ya duka la magodoro
ikinikodolea taa zake
kama mama mkwe aliyeletewa chai iliyopoa.

Saa nne asubuhi. Vumbi la Dodoma halibishi hodi.
Mnunuzi yuko Ipagala, keshapiga simu mara tatu,
hela kaihesabu, anasema, imo kwenye bahasha.

Washauri hawakosi.
Mmoja ana koleo. Mwingine ana gundi:
"Tia tone, subiri igande, vuta."
Muuza karanga anasema mlango upigwe teke,
gari za zamani husikia teke.
Nikamkumbuka baba:
kitu kikikwama, kwanza ondoa mikono yako.
Nikaiondoa. Nikaikalia.

Akaletwa Mwaja, mchonga mihuri na funguo.
Aliisalimia gari kabla yangu.
"Kichwa unacho?"
Akakifunga kwenye pindo la kanga,
akaisaga risasi ya penseli kwa wembe,
akaupuliza ule unga mweusi tunduni, taratibu,
kama anayempuliza mtoto jicho lenye mchanga.
Kisha uzi wa msumeno, mwembamba,
meno yakitazama nje,
ukateleza ubavuni mwa kipande.
Mimi nilisikia bodaboda.
Yeye alisikia pini tano zikiinuka moja baada ya nyingine.
Akavuta. Wapi!
Akavuta.
"Usukani, kushoto kidogo. Kidogo nimesema!
Unaubana mwenyewe halafu unataka utoke."

Ukatoka.

Aliviunganisha vipande viwili kiganjani, juani,
akanyamaza kuliko kazi ilivyodai.
"Huu haukutoka kiwandani. Umepigwa tupa kwa mkono.
Tena mkono wenye haraka, ona hapa.
Hiki kilikuwa kijiko."

Na lile ua dogo lililofifia kichwani,
ambalo miaka yote nimeapa ni simba wa Pijo
aliyefutwa na dole gumba la baba,
likawa ua.

Vijiko vya harusi ya mama vilikuwa sita,
ndani ya boksi la bluu lenye kitambaa laini.
Mwaka ule wa foleni za sabuni, sukari ya kupimiwa
na spea za kusikia tu kwamba ziko Nairobi,
vikawa vitano.
Mama akamtazama wifi yake, shangazi Nyemo,
aliyekuwa amekuja wiki hiyo kutoka Mvumi
na kikapu cha mlenda mkavu.
Hakumwambia kitu.
Ila tangu siku hiyo chai ya shangazi
ilikorogwa kwa mpini wa uma.
Miaka kumi na tisa, mpini wa uma.

Na baba, mpima visima wa Idara ya Maji,
mtu wa kukagua bomba mara mbili,
aliketi meza hiyohiyo, akanywa, akashukuru,
akatoka nje akawasha gari
kwa kijiko cha sita.
Gari hilo ndilo lililompeleka mama leba.
Ndilo lililomrudisha shangazi stendi
siku aliyosema hatakuja tena.

Mwaja amechonga mpya. Shilingi elfu saba.
Vile vipande viwili amenifungia kwenye gazeti,
"Hivi havitupwi," akasema, akarudi kwenye mihuri yake.

Nimewasha. Imekohoa, imeitika.
Simu inaita: Ipagala.
Shangazi yungali Mvumi, haoni vizuri siku hizi.
Mama yuko nyumbani, na boksi la bluu
liko juu ya kabati, na vijiko vyake vitano.
Baba hana wa kumuuliza.

Muuza karanga anagonga bodi:
"Bosi, sasa si uondoke?"
Injini inanguruma. Gazeti liko pajani.
Nimewasha indiketa,
sijui ya upande gani.