Kiasi

Nakijwa kaenda Same kumuuguza mama yake,
kaniachia maelezo nyuma ya bili ya maji:
Viazi kilo mbili. Nyama ya kusaga, nusu.
Chumvi kiasi. Tangawizi na saumu, kiasi.
Bizari ya manjano kiasi, usizidishe.
Mafuta ya kutosha.

Mimi ni seremala, Majengo wananijua.
Milango yangu haikwaruzi sakafu,
droo zangu hufungwa kwa kidole kimoja.
Kiasi ndiyo nini?
Nikaigeuza bili, labda kipimo kiko upande wa pili.
Upande wa pili kuna deni tu,
uniti kumi na nne, mpaka shilingi ya mwisho.
Hata watu wa maji hawaandiki kiasi.

Nikampigia. Hapatikani.
Huko kwao milimani mtandao unafuatwa juu ya jiwe,
tena jioni, tena kwa zamu.

Basi. Jumamosi nikatoka Mbuyuni
na viazi vyenye udongo bado,
muuzaji kaviapia: "Hivi havina maji, baba."
Mlima ulikuwa umejifunika shuka gubigubi,
haukutaka kuona.

Nikavichemsha na maganda, nikavimenya vya moto,
nikivirusha mkono huu kwenda ule.
Nikaviponda kwa mpini wa nyundo
(niliuosha, Mbonea ni shahidi,
ana miaka tisa na hajui kunyamaza).

Nyama niliikaanga mpaka maji yakakauka
na sufuria ikabadili sauti.
Hapo nikasimama, kijiko hewani, mbele ya kopo la bizari.
Nikafumba macho nimkumbuke mkono wake:
vidole vitatu vinaingia,
vinatoka, kisha kimoja kinarudisha chembe koponi
kana kwamba kimemwonea mtu huruma.
Vyangu vitatu ni vipana mno.
Nikatumia viwili.
Nikaongeza.

"Baba, zote zilingane," akasema Mbonea.
Mwanangu kweli huyu.
Nikachomoa tepu mfukoni kwa vidole vilevile:
upana sentimita saba, unene mbili.
Donge, shimo kwa dole gumba, nyama, funga,
laza kiganjani, pima.
Ya nane ilizidi nusu. Tukaibomoa.

Ya kwanza kuingia mafutani ikapasuka ubavu,
ikamwaga yote ya ndani
kama mlevi anayetoa siri za ndoa yake.
Nikazima jiko, nikakaa kwenye kigoda.
Ubao ukipasuka najua la kufanya:
vumbi la msumeno, gundi, subira.
Nikalitazama yai. Nikazitazama chenga za mkate.
Miaka kumi na miwili
kumbe naishi na seremala mwenzangu,
nami nikidhani anapika.

Ishirini na tatu zikatoka nzima, rangi ya mninga.

Nakijwa alishuka basi saa kumi na moja,
miguu imevimba, kitenge kinanuka dawa ya kuchua.
Mama anakunywa uji sasa, akasema.
Hakuongeza neno.
Akanawa, akachukua katlesi, akaivunja katikati,
akaichungulia
vile mimi ninavyochungulia kazi ya fundi mwingine.
Akatafuna huku anatazama dari.

"Chumvi imezidi."

"Kiasi gani?"

Akacheka hadi akapaliwa, Mbonea akampiga mgongo,
machozi yakamtoka,
na si yote yalikuwa ya kicheko.
Kisha akala nyingine tatu, kwa ndimu,
akalala na viatu.

Tepu ile ninayo kazini mpaka leo.
Wateja huniuliza, lile doa la manjano
pale kwenye saba, ni la nini?
Nawaambia ni vanishi.