Mstari wa Nne kwenye Menyu

Daiva hana ofisi. Ana meza ya jikoni
huko Kaunas, ghorofa ya tano,
na dirisha linalopiga mluzi upepo ukitoka mtoni.
Theluji imelala juu ya nyaya za basi la umeme.
Kompyuta inakoroma kama paka aliyeshiba.

Miaka kumi na tisa anauza programu moja tu:
Lentyna, maana yake rafu,
ya kuwapangia walimu wa kwaya makaratasi yao,
nani kachukua sauti ya pili,
nani hajarudisha besi tangu Pasaka.
Euro thelathini na mbili, mara moja, basi.
"Ukinunua kijiko," huwaambia,
"humlipi mhunzi kila unywapo supu."

Wateja mia nane na ushei. Anawajua kwa hitilafu zao:
padri wa Panevėžys anayebonyeza kila kitu mara mbili,
bibi wa Hobart aliyeomba herufi kubwa,
akazipata Jumanne ile ile,
akatuma soksi kwa posta.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Wasemao hivyo hawajamwona saa tisa za usiku
akimsaka mdudu ndani ya msimbo,
kidole kimoja kibodini,
mkono wa pili umeshika mkate mweusi.

Na kulikuwa na Ruprecht, wa Graz.
Mpinzani. Programu yake ilifanya yale yale
kwa rangi ya kahawia isiyosameheka.
Akipunguza bei, Daiva hupunguza.
Daiva akiongeza kitufe, wiki ya pili kitufe kipo Graz.

Kisha ikaja Novemba ya mfumo mpya.
Kompyuta za watu zilijisasisha zenyewe usingizini,
na asubuhi Lentyna ikachapa kurasa nyeupe.
Nyeupe pe.
Barua sitini na moja kabla ya adhuhuri,
na kila kwaya ina tamasha la Krismasi.
Usiku ikaingia ya sitini na mbili,
haina salamu: mistari kumi na mmoja ya msimbo,
na chini yake, *Kwangu imekubali. Jaribu.*
Akajaribu. Printa ikakohoa, ikatema nota.

Tangu hapo walikutana kila Septemba, Brno,
chumba cha nyuma cha baa,
watu thelathini, kila mmoja na programu yake mgongoni:
dada wawili wa mitindo ya kufuma,
kijana wa Porto ambaye kazi yake
ni kubadilisha majina ya faili, na si kingine.
Hapo hakuna anayeuliza umeuza ngapi.
Huulizana, Upo?
Nipo.
Basi wanaagiza bia.

Machi moja Daiva aliandika, *Upo?*
Aprili akaandika tena.
Mei akajibu mwana: baba ameondoka,
nywila kaondoka nazo.
Nyuma yake wakaja wateja wa rangi ya kahawia,
mwalimu wa Linz mbele yao, na nyimbo elfu nne
ndani ya faili zisizofunguka.

Angeweza kuwauzia Lentyna
na kuwaambia waanze upya kuandika.
Alifikiria hilo. Alilifikiria chai ikapoa.
Kisha akaifungua faili moja kikatili,
tarakimu tupu, safu kwa safu,
akijifunza mwandiko wa jirani
aliyekuwa akigombana naye ukutani.
Mwanzoni kabisa, mahali ambapo mashine hairuhusiwi kusoma,
Ruprecht alikuwa ameacha maneno:
*Ukifika hapa, basi sipo.
Nota zinaanza baiti ya mia tano na kumi na mbili.*

Toleo la sita nukta tatu lilitoka siku ya mvua.
Kwenye menyu, mstari wa nne, pana jambo jipya:
*Fungua faili la Ruprecht.*

Bibi wa Hobart akauliza, Ruprecht ni nani?
Daiva akaandika aya mbili. Akazifuta.
Akaandika: Bonyeza tu, mama. Itafunguka.