Bei kwa Herufi

Nicanor Colque hutoza kwa herufi:
boliviano kumi na mbili ile ya kawaida,
kumi na tano yenye mkia au kofia.
Kwa hiyo kamati ilipofika karakanani,
watu saba, vumbi la mgodi miguuni,
walikuwa wamekwisha piga hesabu kabla ya kulia.

Jina halikuwa na ubishi: Hortensia Villca.
Mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, sawa.
Ubishi ulikaa kwenye mstari wa chini,
pale marehemu anapoambiwa alikuwa nani.

Mpwa wake kutoka La Paz, viatu vinang'aa,
alitaka LICENCIADA. Herufi kumi.
"Shahada hakuwa nayo," mtu akanong'ona.
"Angekuwa nayo," mpwa akajibu,
"kama barabara ingekuwepo."

Karani wa wilaya alileta karatasi yenye mhuri:
serikali siku hizi husema DOCENTE,
neno safi, lililopigwa pasi,
halina uke wala ume wala jasho.
Mkuu wa shule akasema PROFESORA,
ndivyo lilivyo daftari la mishahara.
Na kina mama wawili wa soko la viazi,
waliosoma kwake usiku kwa taa ya kabaidi,
wakasema kwa pamoja, kama darasani: SEÑO.
"Ya tatu ina kofia," Nicanor akakumbusha.
Wakacheka. Kisha hawakucheka tena.

"Na MAESTRA je?" akauliza kijana mlangoni.
Mkuu wa shule akakunja uso.
"Maestro ni huyu," akamwonyesha Nicanor,
"na fundi bomba, na dereva wa basi.
Hapa kila mwenye nyundo ni maestro."
Nicanor aliendelea kunoa patasi.

(Mimi ninayeandika haya kwa Kiswahili
nanyamaza kidogo, maana lugha yangu nayo
ilimfunda mtu akawa fundi,
ikamfunza mwingine akawa mwanafunzi,
wala haikuona haya kuwalaza kitanda kimoja.)

Kamati haikujua
kwamba miaka kumi na mmoja Nicanor alichonga
bila kusoma. Aliletewa karatasi, akaiga michoro:
duara hili, fito zile, nyoka huyu.
Siku moja karatasi ikalowa mvua ya mawe,
naye akakisia. Neno la kumtakia maiti apumzike
likatoka DESCANCE:
nyoka wa pili ametoroka,
mwezi mwandamo umekaa mahali pake.
Jiwe likasimama makaburini wiki tatu.
Waliojua kusoma walipita, wakainamisha kofia.

Hortensia alikuja saa ya chakula,
akamkuta peke yake.
Hakusema, "Umekosea."
Alisema, "Maestro, nifundishe kushika patasi."
Akaishika vibaya, akajigonga kidole,
akatukana kwa Kiaimara.
Alipokwisha kunyonya damu
akatoa kipande cha mkaa mfukoni,
akachora nyoka sakafuni.
"Na huyu," akasema, "unajua anaitwaje?"

Kura zikapigwa. PROFESORA, nne kwa tatu.
Boliviano mia moja na nane. Wakadai risiti.

Alichonga siku mbili. Herufi zikasimama wima
kama watoto gwarideni asubuhi ya barafu.
S peke yake ilimla nusu siku.
Kisha akalilaza jiwe kifudifudi,
na pale chini kabisa, panapozama kwenye zege,
hakuandika MAESTRA. Hakuandika SEÑO.
Aliandika DESCANCE,
kwa mwezi mwandamo uleule,
herufi nane ambazo hakumtoza mtu,
akalisimamisha, akamimina zege,
na kipande cha mkaa akakiacha kando,
mahali mkono unapoweza kufika.