Kura ya Arobaini na Moja

Ardis Tollefsrud alishindwa kwa kura arobaini na moja,
na moja ilikuwa yangu.
Sijamwambia.
Theluji ikianguka huwasha trekta kabla hakujapambazuka,
nikamsafishia njia toka mlangoni hadi kwenye sanduku la barua,
naye hunipa chapati za viazi, za moto, ndani ya gazeti,
nami hupokea kama mtu asiyedaiwa.

Ubunge wake ulianzia kwenye ngano.
Mizani ya Lund, pale kihengeni, ilikuwa na usingizi:
lori likipanda, mshale unasinzia kabla ya kufika.
Sisi tulisema, ah, haba na haba.
Yeye akauliza: hujaza kibaba cha nani?
Akaliendesha lori lile lile hadi mji wa pili,
likapimwa upya, mbele ya mashahidi,
na tofauti akaiandika katika daftari la mapishi,
kati ya keki ya tufaha na samaki wa chumvi.
Daftari hilo ndilo lililompeleka Bismarck.

Siku themanini, kila miaka miwili, katikati ya baridi.
Alipanga chumba juu ya duka la fundi viatu.
Wanaume wa kamati walimwita binti; alikuwa na miaka arobaini na sita.
Mswada wake ulikufa. Akaurudisha. Ukafa tena.
Mara ya tatu ulipita saa tano usiku,
wenzake wakiwa wameshavaa makoti:
*Kila mizani itakaguliwa mara moja kwa mwaka.*
Maneno saba. Miaka sita.

Halafu ikaja habari ya shule.
Alisimama katika ukumbi wa kanisa, miwani mkononi.
Watoto kumi na mmoja, alisema, walimu watatu,
tanuri limepasuka. Nimehesabu. Haiwezekani.
Wengine wangetuahidi, kisha wangeifunga baada ya uchaguzi.
Yeye alisema kweli mwezi wa Septemba,
na mimi nikamchukia kwa hiyo kweli.
Karsten wangu, miaka saba,
alipanda basi kungali giza, dakika hamsini,
paji la uso kwenye kioo.
Novemba niliingia kituo cha zimamoto,
penseli imefungwa kwa uzi.
Mkono haukunitetemeka.

Alimpigia simu mshindi kabla ya saa nne.
Ufunguo wa dawati lake aliurudisha kwa posta.
Miaka kumi na sita, na picha yake iko ukutani kule,
nyuma ya mashine ya kahawa, safu ya tano,
uso mdogo kuliko ukucha.
Nilikwenda kuitafuta. Hilo pia sijamwambia.

Vuli hii nilipeleka ngano.
Kwenye mizani kuna kibandiko cha kijani,
tarehe, sahihi ya mkaguzi.
Mshale ukapanda, ukasimama mahali pake,
nikapewa stakabadhi, nikaondoka bila kumfikiria mtu.
Nilifika nusu ya njia ndipo nilipomfikiria.

Leo asubuhi amenipa chapati, amenishika kiwiko.
Ana miaka themanini na nne.
"Karsten hajambo? Ile safari yake ya basi ilikuwa ndefu."
Nikatazama viatu vyangu.
"Ndefu kidogo," nikasema.
"Kidogo," akarudia,
taratibu, kama mtu anayesoma mizani.