Namba Saba

Namba Saba imerudi tena kutoka matutani
ikitapika.
Kasha la hewa limejaa oili,
filta imelowa kama dodoki la kuogea,
na mchanga wa Bidia, ule laini wa rangi ya bizari,
umeingia humo ukavurugika, ukawa uji.

Mteja, kijana wa Maskati mwenye miwani kama kioo cha duka,
anadai riali zake kumi na tano. Nampa nane.
Moshi wa buluu umemfuata toka tutani hadi lami,
wenziwe wamemcheka, wameshampiga picha.
Namwelewa. Chai hataki.

"Ziba, Bi Thuraya," Yakubu ananishauri,
Mpemba huyu, fundi wa njia za mkato,
"tia bolti kwenye ule mpira, kaza na klipu, kwisha kazi."
Tulikwisha ziba, Yakubu. Mwaka jana, Namba Tatu.
Hewa ilikosa mlango ikabomoa ukuta:
sili ya kranki iliruka, oili ikamwagika miguuni mwa bibi harusi
aliyekuja kupigwa picha na jangwa.
Sili ilitoka Dubai kwa wiki mbili.
Ile nguo sikuthubutu kuuliza bei.

Basi nafuata mpira kwa vidole, polepole,
toka kifuani mwa injini hadi kwenye kasha:
haukukunjika, haukuziba, hamna nyumba ya nyigu.
Nafungua plagi, nachomeka geji,
Yakubu anapiga stata. Sindano inapanda,
inatulia palepale inapotakiwa.
Ringi nzima. Silinda nzima.
Mgonjwa hana ugonjwa, na bado anatapika.

Ndipo nachomoa kijiti.
Oili imepita alama ya juu, imepita vidole viwili.
Ya ziada naimwaga kwenye chupa ya maji: karibu nusu lita.
Kranki ilikuwa ikiichapa kama mayai ya keki,
povu likatafuta pa kutokea.
"Nani anaijaza?" nauliza.
Yakubu anatazama viatu vyake.

Kesho yake alfajiri nasimama nyuma ya pazia la jikoni.
Baba ametoka msikitini, kanzu ameikunja hadi magotini,
kopo mkononi, anazipitia mojamoja.
Tumeziegesha kwenye mteremko wa mchanga, pua juu,
oili yote imekimbilia nyuma,
na kijiti kinamwambia: kavu, kavu, kavu.
Anamimina. Kwa watu wote husema Kiarabu,
kwa mashine Kiswahili:
"Kunywa, mwanangu. Usife njiani kama yule."

Yule ni lori la karafuu, Wete, kabla sijazaliwa.
Injini ilinoki mlimani, magunia thelathini na nane juu,
na yeye ana miaka ishirini na hajapima oili.
Hadithi hii haisimulii. Mama ndiye aliyenipa,
mara moja, akajuta.

Sikumwambia kitu.
Nilinunua mifuko tisa ya saruji,
tukamwaga sakafu kando ya ukuta, mimi na Yakubu,
pimamaji ikilazwa kila hatua, kiputo chake katikati.
"Ya nini hii?"
"Wateja, Baba. Wanalalamikia mchanga viatuni."
Alikubali. Wateja hulalamikia kila kitu.

Leo alfajiri amechomoa kijiti cha Namba Saba,
amekifuta kwa ncha ya kanzu, amekirudisha, amekichomoa tena.
Amekiinua kwenye taa.
Kisha ameweka kopo chini.
"Huyu kashiba," amesema,
kama aliyenyimwa.

Mpira bado unadondosha, matone mawili matatu;
nimeufungia kopo la halua chini ya kiti.
Hadi jioni hupatikana kijiko kimoja cha chai.
Hicho namwachia Baba akimwage.